Siku Glenys Aliposhika Usukani

Hedley Pargeter aliamka asubuhi ile na nia moja tu kichwani: kumbadilisha mkewe mawazo kabla jioni haijafika. Jioni, kwenye yadi ya mashua iliyo mbele ya korongo la miamba, bwana mmoja na mkewe walikuwa wanakuja kuichukua Lapwing, mashua yao waliyokwisha kuiuza, na ikishachukuliwa, imechukuliwa. Walishakubaliana, walishapeana mikono. Lakini mtu anaweza kupiga simu akasema samahani bwana, tumeghairi. Watu hughairi kila siku. Kilichohitajika ni Glenys atamke neno, kwa sababu ni Glenys aliyesema imetosha, na Hedley alikuwa amekiri mwenyewe kwamba bila mkewe mashua ile haiendi popote.

Mvua ilikuwa ile ya kwao ya mwezi wa tano, mvua isiyojua inataka nini. Inanyunya, inakatika, jua linachungulia, unavua koti. Hujalikunja vizuri, inakushukia tena. Hedley alichungulia kidirishani mwa mashua akaona maji ya mfereji yanatoboka vitobo vidogo vidogo, na bata wawili wametulia chini ya daraja. Akasema moyoni, hii si hali ya hewa ya kumshawishi mtu. Lakini siku ndiyo hiyo hiyo, hakuna nyingine.

Akakaanga bekoni. Akakata mkate, akapaka siagi mpaka kona, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kwa haraka na ubahili. Akamimina chai, akapanga na zile biskuti za tangawizi walizonunua jana mjini Market Drayton, akampelekea mkewe kitandani.

Glenys aliitazama sahani, akamtazama mumewe. "Una homa?"

"Kwani mtu hawezi kumpikia mkewe?"

"Anaweza. Ila wewe si huyo mtu." Akacheka, akaumega mkate kwa mkono wa kushoto. Siku hizi kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Bega lake la kulia lilikuwa limegoma tangu majira ya baridi, halipandi, hata nywele alichana kwa taabu. Hedley alikuwa ameliona hilo, lakini aliliona kama mtu anavyoona kwamba kuta zinahitaji rangi.

Hapo ndipo alipoutoa mpango wake, ule aliolala akiupiga pasi usiku kucha. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakohoa. "Glen, leo milango nitafanya mimi. Yote mitano. Wewe shika usukani."

Glenys akaacha kutafuna.

Sasa ili uelewe kwa nini aliacha kutafuna, lazima umjue Hedley. Huyu ni mtu aliyeendesha basi mjini Wolverhampton tangu ujana wake mpaka magoti yalipoanza kulia. Alikuwa dereva mzuri, hakuna aliyebisha, na alijijua kwamba ni mzuri, ndiyo ilikuwa shida. Wiki ile aliyostaafu alinunua Lapwing. Mashua yenyewe ni nyembamba kama zote za mifereji ile, mtu mrefu akilala kwa upana nyayo zinagusa ukuta, lakini kwa urefu inalipita basi lake la zamani. Hedley alisimama nyuma kule tezini, akaukamata ule mti wa usukani, na kuanzia siku hiyo hakuuachia. Nakwambia hakuuachia. Hata akibanwa na haja alifunga kwanza mashua kandoni, akaenda, akarudi, akafungua kamba. Mkewe akimwambia, "Hebu nishike mimi dakika moja," yeye anasema dakika moja ndiyo inayotosha kuzamisha watu.

Na Glenys? Glenys alifanya milango. Mfereji ukikuta kilima hauna budi kupanda kwa ngazi, na kila ngazi ni chumba cha matofali chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Mashua inaingia, unafunga, unazungusha hendeli ya chuma kufungua tundu za maji, chumba kinajaa, mashua inapanda nayo, unasukuma boriti ya mlango kwa mgongo na makalio mpaka ufunguke. Kisha unafunga nyuma yako na kukimbilia unaofuata. Ukitembea siku nzima kando ya mifereji ile utaona mambo ni yale yale: mwanamume kasimama tezini, kikombe mkononi, kofia kichwani, katulia kama sultani, mwanamke yuko mbele kwenye matope, hendeli kiunoni, anakimbia. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ukimuuliza mwanamume atakwambia mke wangu anapenda mazoezi. Mwanamke hakuna anayemuuliza.

"Nishike usukani," Glenys alisema polepole. "Mimi."

"Wewe."

"Pale Tyrley? Penye yale maji ya pembeni?"

"Utaweza."

"Hedley Pargeter," alisema mkewe, "najua unachokitafuta." Lakini aliweka sahani chini na kuanza kutafuta viatu vyake, na Hedley akaona moyo wake umeruka kidogo. Kwa hiyo bado kuna nafasi, aliwaza.

Waliondoka wakati manyunyu yamekatika. Glenys alisimama tezini, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni, akauegemea usukani kwa nyonga badala ya kuusukuma kwa bega. Hedley alikuwa kandoni, hendeli mkononi. Alishangaa ilivyo nzito. Kwa miaka yote ile alikuwa ameiona tu ikining'inia kwenye mkanda wa mkewe, akadhani ni kitu chepesi.

Mlango wa kwanza haukuwa na maneno mengi, ila kelele moja. Lapwing iliingia chumbani ikiwa imepinda kidogo, ikagonga ukuta wa matofali kwa mlio uliotikisa vyombo vyote, na kutoka ndani ukasikika mlio wa kikombe kikivunjika. Neno lilimfika Hedley mdomoni. Lilikuwa neno lile lile alilolipiga kelele miaka mingi, akiwa tezini na mkewe yuko juu: "Unafanya nini wewe!" Akalimeza. Lilipita kwa shida, lakini lilipita.

"Ni kikombe gani?" aliuliza badala yake.

"Chako."

"Haidhuru."

Glenys alimtazama kutoka kule chini shimoni, kope zimelowa, kama anayetazama mtu mgeni kabisa.

Hedley alizungusha hendeli. Alizungusha mpaka pumzi ikaanza kumpiga chenga. Maji yaliingia yakivuma, mashua ikapanda taratibu mpaka uso wa mkewe ukafika usawa wa viatu vyake, kisha magoti, kisha kiuno. Akausukuma mlango. Haukusogea. Akasukuma tena, akateleza kwenye matofali yaliyolowa, akajishika. Mvua ikarudi. Glenys aliinua mkono kama anayetaka kusema kitu, akaushusha. Mlango ukakubali.

"Mmoja," alisema Hedley, akijifanya hahemi.

Ni mlango wa pili uliomwaibisha. Alipofika alikuta chumba kimejaa, kwa hiyo ilibidi akitoe maji kwanza. Akafungua tundu za chini, maji yakaisha, akafungua milango ya chini, Glenys akaingia, na mara hii aliingia sawasawa, hata rangi haikuguswa. Hedley akafurahi mno kwa ajili yake. Akafunga milango nyuma yake, akaenda juu haraka, akafungua tundu za juu, akaegemea boriti kusubiri.

Akasubiri. Maji yalikuwa yanaingia kwa nguvu, yanatoa povu, lakini Lapwing ilipanda kidogo, ikasimama pale pale. Akaegemea boriti kwa mgongo, akasukuma. Ng'o. Akafikiri labda kuna gogo limenasa. Akachungulia. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena. Mvua sasa ilikuwa inampiga usoni, inaingia shingoni, soksi zimelowa. Mlimani pale hakuna pa kujificha. Mkewe alikuwa kule chini, amefungua mwavuli, anakunywa chai.

Mashua nyingine ikaja nyuma yao, na mwanamke mnene mwenye kofia ya njano akapanda njia ya kandoni, hendeli kiunoni. Alikuwa anaitwa Noreen, walishapishana naye jana mjini. Alisimama, akatazama maji yanayoingia juu, akatazama maji yanayotoka chini, akamtazama Hedley.

"Mpenzi," alisema, maana huko hata mgeni anaitwa mpenzi, "za chini umezifunga?"

Hedley akageuka kuzitazama. Alikuwa anamwaga mfereji mzima kutoka juu kwenda chini, yeye mwenyewe, kwa jasho lake, huku akisubiri chumba kijae.

"Cliff!" Noreen alipaza sauti kuelekea mashua yao, ambako mumewe alikuwa amesimama tezini na kikombe chake. "Cliff, njoo uone! Mwanamume anafanya milango!"

Cliff akajifanya injini inamziba masikio.

"Umemwona? Kiziwi wa kuchagua," Noreen alisema. Akacheka mpaka kofia ikamteleza, kisha akashuka mwenyewe akazifunga zile tundu za chini kwa mizunguko michache, bila hata kuhema. "Usijali, mpenzi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo mara tatu kwa siku. Cliff alinitukana mpaka ng'ombe wakainua vichwa."

Hedley alicheka pamoja naye, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Lapwing ilipopanda na mkewe akafika usawa wake, alimwuliza kwa sauti ya chini, "Uliona?"

"Niliona."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu ulipozipita bila kuzigusa."

"Mbona hukusema, Glen? Nimesimama pale kama mwehu."

Glenys alikunja mwavuli, akaukung'uta. "Nilitaka kuonja," alisema. "Nilitaka nijue inakuwaje, kukaa hapa umeshika chai, na mwenzako yuko kule juu analowa, hajui amekosea wapi."

"Na inakuwaje?"

"Si mbaya. Chai ilikuwa moto." Akaona uso wa mumewe, akanyoosha mkono ule mzima, akampangusa maji shavuni. "Basi, usinune. Nimekosea. Lakini angalau sikukupigia kelele."

Hilo ndilo lililomchoma. Angepigiwa kelele angepata cha kujibu, wangefokeana, ingekwisha. Alitembea kuelekea mlango wa tatu, viatu vinatoa sauti ya maji, na kila aliposhusha mguu alikumbuka mahali. Stourport, mbele ya baa iliyojaa watu: "Sukuma, mwanamke, sukuma!" Na watu wakacheka. Bosley, siku ya baridi kali, alimwita zuzu kwa kosa hili hili alilolifanya yeye leo. Kosa lile lile! Na jioni yake alikuwa amekwenda kulala amenuna kwa sababu mkewe hakupika. Hedley hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumnyanyulia mkono mtu yeyote, na kwenye basi wazee walimpenda kwa sababu alisubiri mpaka waketi. Lakini yeye Hedley hakumsubiri mkewe, na sasa alilijua hilo waziwazi, katikati ya mvua, na roho ikamuuma kwelikweli.

Chini ya mlango wa tatu kuna yale maji ya pembeni yaliyoifanya Tyrley ijulikane. Yanashuka kutoka juu kwa mfereji mdogo, yanaingia kwa ubavu, yanaipiga omo, ile pua ya mashua, na kuitupa upande wa pili hata kwa dereva mzoefu. Hedley mwenyewe hapo aligonga kila mwaka, na kila mwaka alisema ni upepo. Alisimama juu akitazama, vidole vimeikaza hendeli. Alitaka kupaza sauti amwambie sasa, pindisha sasa. Akajiuma mdomo.

Glenys aliuegemea usukani mapema, mapema kuliko ambavyo Hedley angefanya, akaielekeza omo kwenye yale maji kana kwamba anataka kuyagonga. Maji yakaipiga, yakaisukuma, na yalipomaliza kuisukuma ilikuwa imenyooka sawasawa na mlango. Ikaingia chumbani kama droo inavyoingia kabatini.

"We!" Hedley alipiga kelele, hakujizuia. "We mwanamke! Umejifunzia wapi?"

"Juu hapo ulipo!" Glenys alijibu, naye alikuwa anacheka, uso wote umelowa, kofia imerudi nyuma. "Miaka yote nimesimama hapo hapo nikikutazama ukigonga!"

Noreen alipiga makofi. Hata Cliff aliinua kikombe. Na Hedley, aliyekuja siku ile kumpendeza mkewe ili asiuze, alisahau kabisa habari ya kuuza. Alikuwa na furaha tu, furaha ya mtu anayemwona ampendaye akifanya kitu vizuri, na nyuma ya furaha hiyo kulikuwa na swali ambalo hakutaka kuligeukia.

Mlango wa nne aliufanya kwa mikono iliyochubuka. Wa tano hakuumaliza. Alizungusha hendeli nusu, akaketi kwenye boriti, na alipotaka kusimama miguu ikamwambia hapana. Noreen alikuja bila kuitwa, akamalizia, akausukuma mlango Hedley akiwa bado ameketi juu yake, akampeleka pamoja na boriti.

"Kaa tu, mpenzi," alisema. "Umefanya vizuri. Wengine hawafiki hata wa pili." Alisema kwa wema, na wema huo ulimtia aibu kuliko kicheko chake cha asubuhi.

Akapanda mashuani kwa kushikwa mkono. Akaketi kwenye ngazi ya kuingilia ndani ya mashua, miguu ndani, kichwa nje, mahali ambapo Glenys huketi siku zote. Hakuwahi kuketi pale. Kutoka pale unauona uso wa aliyeshika usukani kwa chini, na mawingu nyuma yake.

Waliingia korongoni. Ni mahali ambapo wachimbaji wa zamani walikata mwamba kwa mikono, kuta zimepanda pande zote mbili, ndizi mwitu hazioti huko lakini majani ya kila namna yananing'inia, na maji yanatiririka mwambani hata mvua ikikoma. Ni pembamba. Inabidi uende polepole mno, mtu anayetembea kandoni anakuacha. Hedley siku zote alilichukia korongo lile, aliona linampotezea muda. Glenys alipunguza injini mpaka ikawa inapumua tu, pu, pu, pu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo Hedley hakuwa ameiona tangu binti yao alipokuwa mchanga.

"Unapenda," alisema.

"Kimya kwanza."

Manyunyu yalipita juu yao, mengi yakaishia kwenye majani. Hedley alimtazama akiegemea nyonga kidogo, akirudisha kidogo, na akafikiri kwamba ameshinda. Kweli alifikiri hivyo. Walipotokea upande wa pili kwenye mwanga, jua likiwa limetoka na nyasi zinang'aa, alitoa simu mfukoni.

"Nampigia yule bwana," alisema. "Namwambia tumeghairi."

"Weka simu, Hedley."

"Lakini umependa! Nimekuona. Usiniambie hukupenda."

"Nimependa," Glenys alisema. Alikuwa anatazama mbele, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mkono mzima ulikuwa usukanini. "Nimependa mno. Ndiyo ubaya wake. Jana nilikuwa tayari kuiacha hii mashua kama mtu anavyoacha kazi ya jikoni, kwaheri, sitaki hata kuiota. Leo umenipa hiki, na leo ndiyo inaondoka."

"Basi isiondoke!"

"Milango atafanya nani?"

"Mimi."

"Nionyeshe mikono."

Hedley hakuionyesha. Aliiweka chini ya koti, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Mitano tu," mkewe alisema kwa upole. "Kutoka nyumbani kwenda Llangollen kuna mingapi? Magoti yako hayawezi, bega langu haliwezi. Tungeweza zamani. Wakati ule tungebadilishana, leo wewe, kesho mimi, pengine bega lisingeisha kabisa, pengine nisingechoka. Ningekuwa ninakuamsha mimi, twende, mzee, amka, mbona tunachelewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza, pale Kinver. Nilikuambia nataka kujaribu. Ukasema ngoja tufike mahali penye upana."

Hedley alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka hata chembe, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba alisema hivyo. Ilikuwa sauti yake kabisa. "Halafu?" aliuliza.

"Halafu nikangoja," Glenys alisema.

Walipita mashua zilizofungwa kandoni, na Glenys alipunguza mwendo kama inavyotakiwa ili mawimbi yasiwatikise waliomo ndani. Mzee mmoja aliinua gazeti kumsalimu, naye akainua kidevu kujibu, kama wanavyofanya wenye mashua. Hedley aliingia ndani, akaweka birika motoni. Akaokota vipande vya kikombe sakafuni. Akasimama pale jikoni, nafasi ya mtu mmoja tu, ambapo mkewe alipika miaka yote mashua ikiyumba, na akalia kidogo, kwa sauti ndogo, injini ikimfunika. Kisha akanawa uso, akatengeneza chai, akampelekea nje.

"Ina sukari?" Glenys aliuliza.

"Moja."

"Mbili leo."

Akarudi akatia ya pili. Alipokuja tena, mvua ilikuwa imeanza upya, akachukua mwavuli, akapanda tezini akausimamisha juu ya kichwa cha mkewe, yeye mwenyewe nusu nje. Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, mashamba upande huu na mashamba upande ule, ng'ombe wamegeuzia mvua makalio. Mara mbili Hedley alifungua mdomo aombe radhi. Mara mbili neno lilionekana dogo mno, akalirudisha. Mara ya tatu alilisema hivyo hivyo na udogo wake: "Nisamehe, Glen."

"Nimekusamehe zamani," alisema mkewe. "Sasa toa mwavuli, sioni daraja."

Yadi ilitokea baada ya kona. Wale wawili walikuwa wameshafika, wamesimama ukingoni na makoti mapya, bwana mmoja wa miaka hamsini hivi, mchangamfu, na mkewe mwembamba aliyeshika mbwa. Nafasi ya kufunga ilikuwa finyu, kati ya mashua mbili zilizopakwa rangi juzi. Hedley aliona mikono yake yenyewe inanyooka kuelekea usukani. Akaishika kamba badala yake.

Glenys alirudisha injini nyuma mara moja, akaegemea, akaachia. Lapwing iliingia pale katikati kwa ubavu, taratibu, ikagusa ukingo hata yai lisingevunjika.

"Haya, huo ndio uendeshaji!" yule bwana alisema kwa sauti kubwa. "Mke wangu, umeona? Mama, inaonekana umeshika usukani miaka mingi sana."

"Leo ndiyo mara ya kwanza," Glenys alisema, akazima injini.

Yule bwana akacheka sana. Alipenda mzaha. Akamgeukia Hedley, mwanamume kwa mwanamume, meno yote nje, akimsubiri naye acheke.

Hedley alikuwa na kamba mkononi, maji yanamdondoka kwenye ukingo wa kofia. "Ni kweli," alisema. Kisha akainama taratibu, kwa ajili ya magoti, akaanza kuifunga mashua.